Adapta ya safari ya "dunia nzima": inafaa, lakini jina limezidi

Hizi adapta za mraba zenye vijino vya kusukuma pembeni hubadilisha umbo la plagi tu. Volti hazigusi. Msafiri akishaona plagi imeingia, akili humwambia kazi imekwisha, na hapo ndipo vitu huungua.

Kabla ya kuchomeka, geuza chaja usome maandishi madogo. Ukiona "100-240V", iwe ya simu au kompyuta mpakato, nenda nayo popote. Pasi au birika ni habari nyingine. Birika la volti 230 kutoka Dar likifika Marekani kwenye volti 120 hupata karibu robo ya nguvu yake. Utasubiri chai mpaka uchoke. Kinyume chake ni hatari: pasi ya volti 120 kutoka Marekani, ikichomekwa Nairobi, huvuta karibu mara nne ya wati zake. Fyuzi ya adapta ikiwa nzima bado, shukuru.

Ubaya mwingine: nyingi hazina njia ya waya wa ardhi, na plagi nene ya pini tatu za duara ya Afrika Kusini mara nyingi haimo. Kwa huko nunua ya peke yake.

USB zake zinatosha simu. Uzito wake, hata hivyo, huifanya ining'inie na kulegea kwenye soketi za Marekani. Tumia soketi ya chini ukutani, au waya mfupi wa kuongezea.

Kwa anayezuru nchi moja tu, kiadapta cha bei ndogo kinashinda hiki.