Bima ya Dhima kwa Fundi wa Matengenezo ya Nyumba Dar es Salaam: Inacholipa na Inachoacha

Fundi wa matengenezo ya nyumba, yule anayeitwa leo kuziba bomba, kesho kubadilisha kitasa na keshokutwa kurudishia marumaru zilizobanduka, kwa kawaida hukata bima siku anapodaiwa cheti. Msimamizi wa jengo la ofisi pale Posta au wa hoteli ya Masaki humwambia kwamba haruhusiwi kuingiza vifaa vyake mpaka awe na bima ya dhima kwa umma, naye hukimbilia kwa wakala aliye karibu, hulipa ada iliyo nafuu kuliko zote, hupewa cheti na kuingia kazini. Tathmini hii ni ya bima hiyo, pamoja na bima ya vifaa inayouzwa sambamba nayo, kama tulivyozikata kwa ajili ya kikundi chetu kidogo cha ufundi jijini Dar es Salaam ambacho mimi ndiye ninayekishikia hesabu. Kampuni tulizozungumza nazo sitazitaja, kwa sababu tofauti kubwa niliyoiona imo ndani ya masharti, hata pale hati mbili zilipotoka kampuni ileile.

Kazi ya bima ya dhima kwa umma ni kumlipa mtu mwingine, si fundi. Ngazi ikimwangukia mpita njia, ndoo ya rangi ikimwagikia gari la jirani, au drili ikitoboa bomba lililofichwa ukutani na maji yakaharibu zulia la mteja, kampuni hulipa fidia ambayo fundi angewajibika kuilipa kisheria, pamoja na gharama za wakili ikiwa shauri limefika mahakamani, kwa kiwango kisichozidi kikomo kilichoandikwa. Kikomo hicho kisomwe kwa makini, kwa maana kuna kikomo cha kila tukio na kuna kikomo cha mwaka mzima. Hati inayosema shilingi milioni 50 kwa mwaka ni dhaifu kuliko ile inayosema milioni 50 kwa kila tukio, ingawa katika cheti anachoonyeshwa mteja zote mbili zinaweza kuonekana sawa.

Katika upande huu wa kwanza, bima hii naisifu bila kusita. Kwa fundi ambaye akiba yake yote ni mtaji wa kununulia vifaa, ajali moja katika ghorofa la mtu inatosha kumrudisha kijijini, na hakuna mkopo wa kikoba unaoweza kubeba fidia ya namna hiyo.

Tatizo liko kwenye kazi iliyokwisha. Hati ya kawaida ya dhima kwa umma humlinda fundi akiwa kazini. Madhara yanayotokea baada ya kukabidhi kazi na kuondoka mara nyingi huondolewa na kifungu kimoja kifupi, ambacho hakuna wakala aliyetusomea kwa hiari yake. Mtu anayefahamu maji ya Dar es Salaam ataelewa mara moja kwa nini kifungu hicho ni kizito. Chukua nyumba iliyo kwenye mgao, mtaa ambao maji hutoka usiku. Fundi anafika saa nne asubuhi, anakata kipande cha bomba la plastiki la PPR lililopasuka, anachomelea kiungo kipya, anafungua koki na kukuta bomba kavu. Anaweza kumwaga ndoo moja kwenye tangi na kuona kwamba hapavuji, lakini maji ya ndoo moja hayana msukumo wa bomba kuu. Anakunja vifaa, analipwa, anaondoka. Saa nane usiku maji yanarudi kwa nguvu pamoja na hewa iliyokuwa imejaa kwenye mabomba, kiungo kinaachia, na kufikia alfajiri dari ya jipsamu ya mpangaji wa chini imelowa, imebonyea katikati na kuangukia makochi na televisheni. Hiyo ndiyo hasara inayomfika fundi wa jiji hili mara nyingi zaidi, na ndiyo hasara ambayo hati ya bei nafuu haiigusi, kwa kuwa wakati kiungo kinaachia kazi ilikuwa imeshakabidhiwa.

Dawa yake ipo, nayo ni nyongeza ya hati inayofunika dhima itokanayo na kazi iliyokamilika. Iombwe kwa maandishi, na ikubaliwe kwa maandishi. Wakala mmoja alituambia kwa mdomo kwamba "hiyo imo, msiwe na wasiwasi", na tulipoomba atuonyeshe kifungu chenyewe akakosa. Mwingine alijaribu kutuuzia bima ya hatari zote za mkandarasi, ambayo hukatwa kwa mradi mmoja wa ujenzi wenye thamani na tarehe zake, na inawafaa makandarasi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, si fundi mwenye kazi kumi ndogo kila mwezi. Tuliyemkubali mwishowe alikuwa dalali wa bima, yaani anayemtafutia mteja bima kwenye kampuni mbalimbali, aliyetuma hati nzima kabla ya malipo na kuweka alama kwenye kurasa za mambo yasiyofidiwa. Utaratibu huo ulinipa imani kuliko matangazo yote.

Hata ukiwa na nyongeza hiyo, kazi mbovu yenyewe hailipwi. Kiungo kikiachia, kampuni italipia dari na televisheni ya mpangaji, lakini kukirudia kiungo ni juu ya fundi, na naona ni haki kabisa, kwani vinginevyo bima ingekuwa inawalipia mafundi wazembe. Vilevile, kitu kilicho mikononi mwa fundi kwa ajili ya kutengenezwa, kama vile hita ya maji aliyoifungua na kuipeleka kwenye karakana, kwa kawaida hakimo mpaka kiongezwe. Kazi za moto, yaani kuchomelea na kukata chuma kwa grainda, huwa na sharti lake la kuweka kizimamoto karibu na kukagua eneo baada ya kazi kwa muda uliotajwa. Kwa upande wa umeme, anayefunga nyaya anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi yake. Fundi asiye nayo akijitambulisha kwenye fomu kama fundi umeme, au akainyamazia kazi hiyo na kuendelea kuifanya, anaipa kampuni sababu halali ya kukataa dai. Fomu ya maombi ijazwe kwa ukweli wote, kwa sababu mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na kuficha jambo la msingi kunaweza kuubatilisha.

Sasa bei. Kampuni hupanga ada kwa kuangalia aina ya kazi, mapato ya mwaka au mishahara inayolipwa, kikomo kinachotakiwa na historia ya madai. Kwetu, kikomo cha shilingi milioni 50 kwa kila tukio kiligharimu 240,000 kwa mwaka, na nyongeza ya kazi iliyokamilika 60,000. Vifaa vyenye thamani ya milioni 4 viliongeza 100,000. Jumla ni 400,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo mawakala wengi huiacha nje ya bei wanayoitamka kwenye simu. Hivyo tulichokilipa ni 472,000. Tukigawanya kwa kazi zetu, ambazo ni kama 120 kwa mwaka, kila kazi inabeba chini kidogo ya shilingi 4,000. Kiasi hicho tumekiingiza kwenye makadirio tunayompa mteja, kama tunavyoingiza nauli, na hajatokea mteja aliyelalamika. Fundi anayeiona ada kama pigo la mara moja kila mwaka ataiahirisha kila mwaka.

Lakini ada ni nusu tu ya bei. Nusu ya pili ni kile kiasi ambacho fundi hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Tulipewa pendekezo moja lenye ada ya chini sana, ambalo ndani yake liliandikwa kwamba mwenye bima atabeba asilimia 10 ya kila dai, si chini ya shilingi 500,000. Kwa mkandarasi wa maghorofa hilo ni jambo dogo. Kwa fundi wa nyumbani, ambaye madhara anayosababisha mara nyingi ni dari ya 300,000 au kioo cha 200,000, maana yake ni kwamba analipa ada kila mwaka na kujilipia kila hasara. Hati tuliyoikata ina kiwango cha chini cha 150,000. Ningekuwa na uwezo wa kuongeza fedha mahali pamoja tu katika bima hii, ningeziongeza hapo ili kiasi hicho kishuke, si kwenye kikomo.

Bima ya vifaa imeniridhisha kwa kiasi. Inalipa vikiibiwa au kuharibika kwa ajali, ila wizi unaofidiwa ni ule ulioacha dalili za kuvunja. Begi lililosahauliwa kwenye bajaji halimo, wala drili iliyochukuliwa kwenye Kirikuu lililolazwa nje bila kufungwa. Thamani itajwe kamili. Vifaa vya milioni 4 vikikatiwa bima ya milioni 2, kisha vikaibiwa vya milioni 1, kampuni italipa nusu, yaani 500,000, tena baada ya kutoa sehemu ya mwenye bima. Hapa ndipo ununuzi wetu wa Kariakoo unapotuponza, kwa kuwa fundi hupunguziwa bei ili akubali kuondoka bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na vifaa vya mtumba havina karatasi yoyote. Namba iliyochongwa kwenye mwili wa mashine ipigwe picha, mashine ikiwa mkononi mwa mwenyewe, na picha hiyo itumwe kwa dalali siku bima inapoanza. Kampuni yetu ilikubali orodha ya namna hiyo kwa vifaa vya zamani, na ikashikilia kwamba vile vipya lazima viwe na risiti.

Kuhusu wasaidizi, dhima kwa umma haiwahusu. Saidia fundi akianguka kwenye paa, anayehusika kwa Tanzania Bara ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa wasaidizi wawili wa 300,000 kila mmoja, hiyo ni 3,000 tu kwa mwezi, na sioni sababu ya mtu kukwepa. Mfuko huo haumlindi fundi mwenyewe ikiwa ndiye mwenye biashara. Yeye anahitaji bima ya ajali binafsi, ambayo ni ya bei ndogo na ambayo wengi wetu hawanayo.

Sharti lililonisumbua kuliko yote ni la kutokiri kosa. Hati inasema kwamba mwenye bima asikubali lawama wala kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia. Kwa desturi zetu, fundi anayeitwa alfajiri na kukuta maji yametapakaa ndani ya nyumba ya mama wa watu, jambo la kwanza analotamka ni "Nisamehe mama, kosa ni langu, nitalipa," na asipolitamka ataonekana hana utu. Neno hilo hilo linaweza kumvurugia dai. Tulikubaliana na vijana wetu kwamba pole itolewe kwa moyo wote, maji yafungwe, vitu viokolewe, picha zipigwe, kisha mteja aambiwe, "Mama, kazi hii ina bima, na leo hii tunaitaarifu kampuni." Tumeshaitumia njia hiyo. Mteja alitulia aliposikia neno bima, na fidia yake ililipwa, ingawa ilichelewa kuliko alivyostahili, kwa sababu mkaguzi wa hasara alikawia kufika na dari ikabaki wazi kwa wiki kadhaa. Huo ucheleweshaji ndio upungufu mkubwa wa huduma hii, nami nausema wazi kwa sababu fundi ndiye anayepokea simu za mteja muda wote huo.

Anayeanza afahamu pia kwamba bima haianzi kwa ahadi, huanza ada ikishalipwa, na malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyotolewa, si kwenye simu ya wakala. Uhalali wa hati huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na dai lililokataliwa pasipo haki lina pa kupelekwa, kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kabla ya kufikiria mahakama.

Jambo la mwisho ni la wakati wa kuhuisha bima, hasa kwa anayetaka kuhamia kampuni nyingine yenye ada nafuu. Baadhi ya hati hulipa kwa kuangalia tarehe ambayo madhara yalitokea, na nyingine kwa kuangalia tarehe ambayo dai liliwasilishwa. Fundi mwenye hati ya aina ya pili akiiacha ikaisha Desemba, halafu mteja akaleta mwezi Februari dai la dari iliyoharibika Novemba, kampuni ya zamani itasema muda umepita na ile mpya itasema madhara yalitokea kabla yake. Sisi tulichagua hati ya aina ya kwanza, na anayehama kutoka ile ya pili aiombe kampuni mpya ikubali kwa maandishi madhara yaliyotokea tangu tarehe ya nyuma anayoihitaji, kabla hajalipa ada.