Mita ya sumaku au ya pangaboi?

Kwa kupima mtiririko wa maji ghafi ya mtoni, yenye tope na mchanga, nachagua mita ya sumaku bila kusita. Ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna beringi ya kulika. Ila bomba lazima lijae muda wote: ifunge kwenye bomba la wima, maji yakipanda. Waya wa ethi usisahaulike kamwe. Bila huo namba kwenye kioo huweza kurukaruka hata pampu ikiwa imezimwa.

Ya pangaboi, yenye panga dogo linalozungushwa na kinachopita ndani yake, kwa kawaida ni nafuu, lakini inataka chujio mbele yake na kipande cha bomba kilichonyooka, angalau mara 10 ya kipenyo. Kwa dizeli, hata hivyo, funga hiyo ya pangaboi: dizeli haipitishi umeme wa kutosha, mita ya sumaku haitaisoma.