Dar kwenda Mwanza kwa ndege: uzoefu wangu kuhusu umbali na muda

Mimi ni mtu wa Tegeta, wazazi wako Mwanza, kwa hiyo hii ruti naijua kwa basi na kwa ndege. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Mwanza angani ni kama kilomita 850 hivi, wakati barabarani unazunguka Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, hiyo inapita 1,100. Ukipata jeti kama Airbus A220 ni kama lisaa na nusu umeshatua, zile za pangaboi zinachelewa kidogo. Ukikaa dirishani, inapoanza kushuka unaliona ziwa na visiwa na yale mawe makubwa yamebebana, mimi huwa siangalii simu kabisa hapo.

Sasa hilo lisaa na nusu ni la angani tu jamani. Mtu wa Tegeta ndege ya saa mbili asubuhi inabidi aamke saa tisa usiku, maana ikishafika saa kumi na mbili foleni ya Mwenge na Ubungo haina huruma, na kaunta wanafunga mapema, ukichelewa wanakuangalia tu. Mimi nahesabu kama masaa sita toka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwa mama, na hapo mambo yawe yameenda vizuri. Kuna siku tumekaa uwanjani toka asubuhi mpaka jioni, ndege imesogezwa mara mbili na meseji ikaja wakati tushakaguliwa, kulikuwa na mdada anawahi mazishi ya baba yake alikuwa analia pale kwenye viti, iliniuma sana. Kwa msiba au mgonjwa chukua ndege ya kwanza ya siku, ikisogezwa angalau una siku nzima mbele yako.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni kwamba uwanja wa Mwanza uko upande wa Ilemela, unaingia mjini kwa kupita Pasiansi na Kirumba. Ukiwa unaishia Buhongwa au Misungwi unavuka mji mzima, wakati basi lingekupitisha karibu na kwako kabla halijafika stendi ya Nyegezi. Na huku Dar mtu wa Kimara au Mbezi stendi ya Magufuli iko jirani kabisa. Ila basi ni siku nzima na usiku unaingia, miguu inavimba, mzee wangu sitampandisha tena. Kama una muda na mizigo mingi panda basi, kama una siku chache za likizo lipia ndege, na ukate tiketi mapema, maana ukikata wiki hiyo hiyo ya safari bei inauma.

Kurudi ndo kuna utamu, nusu ya abiria wana maboksi ya sato. Waambie wauzaji wakugandishie toka jana yake, samaki awe mgumu kama tofali, afungwe nailoni mbili halafu boksi lizungushiwe selotepu, likivuja maji pale kaunta wanalikataa. Na upime kabla hujatoka nyumbani, tiketi yangu ilikuwa na kilo 23, zile za bei ya chini kuna nyingine begi la kwenda chini ya ndege hawakupi mpaka ulipie.