Miezi minane na 5G: nililipia nini hasa?

Kilichonihamisha 4G ni faili la video. Narekodi masomo ya hisabati kwa wanafunzi wanaojisomea nyumbani, na kila Jumapili usiku lazima nipandishe somo la wiki. Somo moja likishahaririwa lina GB 4 hivi. Kwenye 4G yangu kasi ya kupandisha ilikuwa Mbps 10 (megabiti kwa sekunde) siku ikiwa njema, kwa hiyo somo moja lilinikalisha karibu saa nzima. Mtandao ukikatika faili limefika asilimia 90, naanza upya. Kuna usiku nilianza upya mara tatu, nikalala saa nane, na asubuhi wanafunzi wakawa wananiuliza somo liko wapi.

Nikanunua simu ya 5G na kujiunga kifurushi chake. Kilinigharimu karibu mara moja na nusu ya kile cha 4G chenye GB zilezile. Jumapili ya kwanza niliiweka simu dirishani, nikawasha hotspoti, nikaunganisha kompyuta na kuanza kupandisha. Nilikaa nikiukodolea macho ule mstari nikingoja ukwame. Haukukwama. Dakika kumi na moja, somo limepanda lote. Usiku ule nilifurahi kwa dhati, na kwa kazi hiyo moja bado naisifu 5G bila kusita.

Shida ilianza pale nilipodhani kila kitu kingine kitabadilika vilevile.

Nianze na kupima kasi, maana ndicho kitu cha kwanza kila mtu anachofanya akipata 5G. Programu ya kupimia ilinionyesha Mbps 340 za kushusha. Nikapima tena sebuleni, tena chumbani, tena nje. Kumbe kipimo chenyewe kinakula data: kwa kasi hiyo, sekunde kumi tu za kushusha zinamaliza zaidi ya MB 400. Vipimo vitano, GB 2 zimekwenda, na hakuna nilichotazama wala kupakua. Naliandika hili kwa sababu hakuna aliyeniambia. Na herufi ndogo ya b kwenye Mbps ni biti, si baiti. Biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, kwa hiyo Mbps 340 ni kama MB 42 kwa sekunde. Bado ni nyingi, ila si ile 340 inayokujia kichwani ukisoma tangazo.

Jioni ile nikampigia mama kwa video, nikitarajia atashtuka.

"Mama, leo unanionaje?"

"Kama juzi tu, mwanangu. Kwani kuna nini?"

Alikuwa sahihi. Yeye yuko 4G, na simu ya video ina ncha mbili. Ncha moja ikiwa na kasi ya ajabu, picha bado inafuata ile nyingine. Tena simu ya namna hiyo inahitaji Mbps chache tu. Nilichokuwa nimelipia hakikumfikia kabisa.

Filamu ni hivyohivyo. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na Mbps 15 kwa 4K, iliyo kali zaidi ya hiyo. 4G yangu ilikuwa inashusha Mbps 20 hadi 30, kwa hiyo filamu ilikuwa inakwenda vizuri tangu zamani, na haiwezi kwenda vizuri kuliko vizuri. Kilichobadilika ni ulaji wa bando. Baadhi ya simu na programu zikiona uko 5G zinapandisha ubora wa picha zenyewe bila kukuuliza. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 3, na ya 4K hata GB 7. Kifurushi nilichozoea kukimaliza mwezi mzima kiliisha siku ya kumi na mbili. Tulikuwa tunatazama vitu vilevile, kwenye kioo kilekile kidogo ambacho jicho langu halioni tofauti ya 1080p na 4K. Ukihamia 5G, ingia kwenye mipangilio siku hiyohiyo uzuie ubora usipande. Usisubiri bando liyeyuke ndipo utafute sababu.

Halafu kuna suala la ukuta. 5G inatumia masafa, yaani mawimbi ya redio, ya aina mbalimbali. Yale ya chini yanafika mbali, ila kasi yake haiizidi sana 4G. Ya kati, kwenye GHz 3.5 hivi, yana kasi nzuri lakini ukuta mnene unayachosha. Yale ya juu kabisa, kuanzia GHz 24, yanazuiwa hata na majani ya mti. Dirishani kwangu napata Mbps 340. Nikiingia chumba cha ndani, hatua kama sita hivi, alama ya 5G inapotea, inarudi, inapotea tena, na simu inahangaika kutafuta mpaka inapata moto na chaji inashuka kwa kasi. Nikiilazimisha ibaki 4G chumbani humo, inatulia na kila kitu kinakwenda sawa.

Mwezi wa tatu nikahamia kifurushi cha "bila kikomo" nikidhani nimemaliza tatizo. Katikati ya mwezi kasi ikaanguka hadi Mbps 2. Nikawapigia huduma kwa wateja.

"Dada, hiki kifurushi si mmekiita bila kikomo?"

"Ni kweli, kaka, na bado unapata mtandao. Ila umeshatumia kiwango cha kasi kamili, kwa hiyo kasi imepungua mpaka kifurushi kitakapoanza upya."

Alinijibu kwa adabu, na kweli maneno hayo yalikuwepo chini kabisa ya masharti, kwa maandishi madogo. Lakini mtu anayelipia kasi, akipunguziwa kasi ameondolewa kitu chenyewe alichonunua. Hapo siwezi kuwaelewa. Kiwango hicho kiandikwe kwa ukubwa uleule wa neno "bila kikomo".

Kuhusu bei kwa jumla, msimamo wangu ni huu: GB ni GB. Najua mitambo na vibali vya masafa vina gharama kubwa. Lakini mtandao wa 5G unabeba data nyingi zaidi ya ule wa zamani, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kampuni kuujenga. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, ulipoweka vigezo vya kizazi hiki ulitaja kilele cha Gbps 20, yaani Mbps 20,000, ila kiwango cha kumfikia mtumiaji kwenye miji yenye watu wengi kikawa Mbps 100 za kushusha na 50 za kupandisha. Matangazo yanaipenda namba ya kwanza. Mimi naishi kwenye ya pili, na hiyo ya pili inanitosha kabisa, mradi nisitozwe kana kwamba napata ya kwanza. Ningelipa zaidi kwa furaha kama GB zangu zisingeisha muda wake zikiwa hazijatumika. Hilo lingenisaidia kila mwezi kuliko Mbps mia mbili za ziada.

Ukiwa mtu wa kupandisha mafaili mazito, au unataka ruta ya nyumbani na hapo ulipo 5G inashika vizuri, lipia, utaona faida. Kwa ujumbe, simu za video, habari na filamu kwenye simu, 4G iliyotulia bado inafaa, na simu yako ya sasa haina kosa.

Mimi nimerudi kifurushi cha 4G cha mwezi, na simu nimeifunga ibaki 4G. Jumapili saa mbili usiku najiunga 5G ya siku moja, naiweka simu dirishani, nawasha hotspoti. Somo likishapanda, narudisha 4G na kwenda kulala.