Tathmini ya abirateroni: dawa imara, maelezo hafifu

Baba yangu anatumia abirateroni kwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, nami ndiye ninayemnunulia vidonge na kumsimamia saa za kumeza, kwa hiyo haya ni maoni ya anayeuguza, si ya daktari.

Kwa nguvu zake, dawa hii inastahili sifa bila kusita. Tangu Charles Huggins alipoonyesha mwaka 1941 kwamba saratani hii hustawi kwa homoni za kiume, tiba ya msingi imekuwa kuzizuia korodani zisitengeneze homoni hizo, ama kwa upasuaji ama kwa sindano; lakini tezi zilizo juu ya figo, na hata uvimbe wenyewe, huendelea kutengeneza kiasi kinachotosha kuuchochea ugonjwa. Abirateroni hukizuia kimeng'enya kinachohitajika katika kazi hiyo, popote inapofanyika mwilini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na mwaka 2017 utafiti wa LATITUDE, uliohusisha wanaume 1,199, ulionyesha kwamba kuianza mapema pamoja na tiba ya kawaida kulipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 38. Hiyo ni miaka ambayo mzee anaishi na wajukuu zake, na kwangu mimi inatosha kuitetea dawa hii mbele ya yeyote.

Tatizo liko kwenye namna inavyomfikia mgonjwa. Kopo la vidonge 120 vya miligramu 250 ni la mwezi mmoja, vidonge vinne kwa siku, navyo humezwa tumbo likiwa tupu: asile kwa saa mbili kabla ya kumeza wala saa moja baadaye, kwa sababu mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza dawa inayoingia kwenye damu hadi mara kumi. Duka tulikonunua kopo la kwanza waliandika "4x1" kwa kalamu juu ya kifuniko, basi. Baba akawa anameza pamoja na chai na maandazi, mpaka siku ya kliniki daktari alipomuuliza anakula nini asubuhi, akaagiza apimwe presha na potasiamu papo hapo. Hata kidonge cha prednisoloni, ambacho huambatana na dawa hii ili kuzuia presha kupanda na potasiamu kushuka, hatukuambiwa ni cha nini. Wala hakuna aliyetutahadharisha kwamba mjamzito asivishike vidonge hivi bila glavu, na nyumbani kwetu shemeji alikuwa mjamzito.

Bei imeshuka tangu viwanda vingine viruhusiwe kuitengeneza, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo, kwa familia inayolipa kutoka mfukoni kila mwezi, bado ni mzigo. Ndiyo maana nilifurahi kusoma utafiti wa mwaka 2018 wa wagonjwa 72, ambamo miligramu 250 zilizomezwa na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo zilishusha PSA, protini ya kwenye damu inayopimwa kufuatilia saratani hii, sawa na miligramu 1,000 zilizomezwa tumbo tupu. Nilimpelekea daktari wa Baba suala hilo. Alisema tuendelee na dozi kamili maadamu tunaimudu, na kwamba siku fedha zikipungua tumwone yeye kwanza, kabla hatujapunguza hata kidonge kimoja.