Fundi wa Tandika anayejua mwili wa mzazi

Kama umejifungua karibuni, madera umeshayachoka na nguo za kazini hazipiti hata mabegani, nenda Tandika, Dar es Salaam, kwa fundi huyu. Anakaa barazani, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, jirani na wauza mitumba ya watoto. Bango hana. Ulizia fundi wa magauni ya kunyonyeshea, utaonyeshwa. Tangu nimpate mtoto wangu wa pili amenishonea nguo tatu, na mbili kati ya hizo nazivaa kazini karibu kila wiki.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Likizo ya uzazi ni siku 84, na zikiisha unarudi darasani hata kama tumbo bado liko mbele yako. Kizazi hurudi katika ukubwa wake kwa wiki sita hivi, lakini ngozi na misuli ya tumbo huchukua muda mrefu zaidi, na kifua cha anayenyonyesha hakina kipimo kimoja hata kwa siku moja. Dera nalipenda sana nyumbani, ila sisimami nalo mbele ya kidato cha tatu. Nilitaka nguo inayonipa kiuno, isiyogusa tumbo, na inayofunguka upesi. Sheria inampa mama muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akanyonyeshe, na wangu mwingi unaishia kwenye bajaji.

Kabla hajashika tepu alianza kwa maswali. Nimejifungua kawaida au kwa operesheni? Mtoto ana miezi mingapi? Ananyonya zaidi ziwa lipi? Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hayo. Akanipima nimesimama, kisha akanikalisha kwenye stuli akapima tumbo upya, maana mzazi akikaa tumbo hutanuka, na hapo ndipo zipu zinapoachia. Katikati ya kupima mtoto akaanza kulia. Fundi akatupia tepu shingoni, akasema, "Mwalimu, mnyonyeshe kwanza, kifua nitakipima tena." Akanyonya, akashiba, nikapimwa. Tofauti ilikaribia inchi nzima. Vipimo vyote viwili akaviandika kwenye daftari, akakata kitambaa kwa kile kikubwa.

Kitambaa nilichoenda nacho alikikataa. Kilikuwa chepesi, cha kuteleza, nami nilikipenda kwa rangi yake ya zambarau. Akakilaza juu ya tumbo langu nikajionea mwenyewe: kilinata na kuchora kila mkunjo. Akanituma nikanunue kitenge cha pamba chenye uzito kidogo, cha maua madogo madogo. Kitenge cha aina hiyo hukaa mbali kidogo na mwili, hakiufuati. Tena kina faida ambayo wanaume hawaijui: maziwa yakivuja kipindi cha tatu, kabla kengele ya mapumziko haijalia, kwenye maua yale hakuna anayeona doa. Kwenye blauzi ya rangi moja darasa zima lingeona.

Gauni hilo la kitenge ndilo bora kuliko yote. Amelikata chini ya kifua badala ya kiunoni. Kwa wengi wetu tuliotoka kujifungua, pale juu ya mbavu ndipo mahali pembamba kuliko pote, kwa hiyo mkato ukikaa pale mtu anaona kiuno, na kuanzia hapo nguo inashuka yenyewe, tumbo linapumua. Pindo la chini liko sawa mbele na nyuma. Nalisisitiza hili kwa sababu kifua kikijaa na tumbo likiwa mbele, gauni la kawaida hupanda mbele na kuacha magoti wazi huku nyuma likining'inia. Yeye upande wa mbele aliukata mrefu zaidi.

Sasa zipu. Ziko mbili, za kujificha, ndani ya mishono miwili inayoshuka kutoka begani kupitia kifuani. Kila moja ina urefu wa shibiri. Nimekaa nalo kwenye vikao vya walimu na hakuna aliyegundua kuwa ni gauni la kunyonyeshea. Ukifungua, nyuma ya meno ya zipu ameshona kijitepe cha bitana laini ili yasimkwaruze mtoto shavuni. Kidole kikipita pale hakigusi chuma wala plastiki. Sikumwomba afanye hivyo. Yeye mwenyewe ana watoto, na kazi yake inaonyesha.

Ligeuze nje ndani utaona jambo jingine. Mbavuni kote kuwili ameacha kitambaa cha ziada kama inchi mbili, kingo zake amezipiga ovaloki, hakukata. Mafundi wengi wanaipunguza ziada hiyo mpaka karibu na mshono, na nguo ikishabana haina dawa. Huyu aliniambia, "Ukipungua tunabana, ukiongezeka tunaachia." Tumeshabana mara moja. Alinitoza elfu tatu, na nilisubiri palepale kwenye benchi.

Nguo ya pili, sketi na blauzi yake, ni nzuri pia. Mkanda wa sketi unakaa juu, usawa wa kitovu, mbele bapa na lastiki nyuma tu. Waliofanyiwa operesheni watanielewa: sketi inayokaa chini husugua kidonda kwa muda mrefu hata baada ya kupona. Blauzi ina marinda yanayoanzia kifuani na shingo ya V. Haina zaidi ya hapo, na naivaa sana.

Gauni la lesi la harusi ya wifi yangu halikufanikiwa. Kwa nje lilipendeza na picha zipo. Lakini zipu ni ya mgongoni, hakuna pa kumtolea mtoto ziwa, ikabidi niingie chumba cha bibi harusi nivue lote wakati wenzangu wanacheza. Lesi yenyewe haivutiki hata kidogo. Fundi alijua nanyonyesha, na hapa alipaswa kunikatalia kama alivyokikataa kile kitambaa changu cha zambarau. Kwa nguo za sherehe, kama bado unanyonyesha, mwambie mapema atenganishe juu na chini.

Ahadi za siku zipunguzie imani. Akisema Jumanne, jiandae kwa Alhamisi. Chumba cha kujaribia hakuna, unashikiwa khanga mlangoni mwa stoo, na siku ya watu wengi hilo linachosha. Bei ya ufundi kwa gauni ni elfu 30, kitambaa chako. Si rahisi kwa Tandika, ila kwa kazi ile naona ni haki yake.

Na kuna hili la mdomo wake. Pale barazani hawakosi wanawake wa kukwambia "umenenepa, shosti" au "usijali, utarudi". Yeye hasemi chochote juu ya mwili wako. Anapima, anaandika, anauliza unataka nguo ya kwenda wapi. Mama mmoja mdogo alikuja akijifunika mtandio mpaka magotini, na fundi akampima juu ya khanga bila kumwambia avue, polepole, mpaka mwenyewe akaushusha ule mtandio. Natamani wauguzi na mawifi wote wangekuwa hivyo.

Ukienda, loweka kitenge usiku mmoja kabla hakijakatwa, maana kinasinyaa. Vaa sidiria ile ile utakayoivalia gauni, kwa sababu kifua kikikaa juu au chini mkato wote unahama. Nenda asubuhi katikati ya wiki, na Ijumaa fika mapema, hufunga kabla ya swala na harudi tena. Siku ya kupimwa unalipa nusu, na nusu nyingine ukichukua, hata kwa simu anapokea.