Kituo cha fizio (mazoezi ya viungo) hapa Dodoma: mapokezi yamenichefua, mama wa fizio ndio ananirudisha

Naandika hii bado nimechemka, mnivumilie. Kituo silitaji jina, wanaokijua watakijua. Bei na huduma zao ulizeni wenyewe, mimi nina la mapokezi.

Baba yangu alipigwa na kiharusi kipindi kile cha mvua, presha ilikuwa juu na dawa alikuwa anameza siku akijisikia tu. Kimempiga kulia, mkono na mguu, na kauli ikaondoka. Anaelewa kila kitu, hili watu hawalijui, ukimtania anacheka, ukimkosea anakasirika, ila neno halitoki.

Sasa siku ya kwanza nimemshusha kwenye bajaji, nimemwegesha pale kaunta, nikarudi kumlipa dereva, ile nageuka tu nasikia binti wa mapokezi anapaza sauti: "Jina nani babu? Babu! Nakuuliza jina! Huna mdomo?" Mabenchi yote yamegeuka. Mzee wangu, mtu ambaye kikao cha ukoo kule Chamwino akisimama watu wananyamaza, taya linamtetemeka, mkono wake mzima umeng'ang'ania kaunta. Nikamwambia dada, hiyo karatasi ya rufaa unayo mkononi, imeandikwa kiharusi, hujaisoma? Akanijibu, "Mimi sio daktari." Halafu akamgeukia mwenzake, "Hao wamngoje Mrundi wao." Yaani pole hakuna, samahani hakuna!

Nilishamuita bajaji arudi. Kweli kabisa tulikuwa tunaondoka.

Akatoka mama mmoja mtu mzima, koti jeupe, kandambili miguuni. Hakugombana na yule binti, na mimi nilitaka agombane. Alikuja akakaa kwenye benchi pembeni ya mzee, akamshika mkono ule uliolala, akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi baba." Akasubiri. Mzee akahangaika weee, akatoa mlio tu, yule mama akaitikia kama kajibiwa salamu kamili. Huyo ndio "Mrundi" wao.

Mguu tumeona mabadiliko, sasa hivi anatoka kitandani mpaka mlangoni kwa fimbo. Ila lililoniliza ni la sauti. Siku moja yule mama aliniuliza mzee alikuwa anapenda wimbo gani, nikaanzisha ule wa mavuno wa Kigogo aliokuwa anatuimbia tukiwa wadogo, na mzee akaudaka! Maneno yametoka mazima, ubeti mzima, mtu ambaye kusema "maji" hawezi. Mimi nikashindwa kuendelea, wao wakaendelea. Akanifafanulia kwamba kwa watu wengi kauli inakaa upande wa kushoto wa ubongo, ndio maana kiharusi kikipiga huko kinachukua mkono wa kulia na maneno kwa pamoja, lakini kuimba kunatumia na upande wa pili. "Usiende kutangaza kapona," akaniambia. Toka hapo anamgongesha kidole cha kushoto juu ya meza, ma-ji, ma-ji, kwanza kwa kuimba, halafu taratibu wimbo unapunguzwa linabaki neno.

Nilimuuliza mwenyewe habari zake, hajanisimulia kwa kujisifu. Kazaliwa Burundi, mwaka 1972 wazazi wakikimbia mauaji alikuwa mtoto wa mgongoni, kakulia makazi ya Ulyankulu kule Tabora. Shuleni walikuwa wanamcheka akiongea, basi akaacha kunyoosha mkono, miaka na miaka. Akaja kuwa mhudumu wa wodi, anadeki, na kila akideki anamwangalia mtu wa fizio anavyowasimamisha wagonjwa, anatamani, halafu anajiambia mimi nitamwambiaje mtu jikaze na mwenyewe kuongea mbele za watu naogopa. Fomu ya chuo ilikaa sandukuni. Mwaka 2014 Tanzania ilipowapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa ile 1972 na yeye alikuwemo, ndipo akaitoa. Kaenda Moshi, hospitali ya KCMC, kasoma fizio na watoto sawa na wanae. Mara ya kwanza kumwelezea mgonjwa mbele ya walimu sauti ilimkatika, akaomba aanze upya, wakamruhusu. Anasimulia huku anakanda vidole vya baba yangu, kimoja kimoja, wala hajainua kichwa.

Mtu huyo, raia, msomi, na bado dirishani anaitwa Mrundi kama vile ni tusi. Hasira zangu zimerudi upya nikiandika hapa.

Nilipanga niandike msikanyage pale. Lakini nikiandika hivyo wagonjwa wanaokosa ni wa yule mama, yule binti hapungukiwi kitu. Basi nendeni. Ila mgonjwa asiyeongea msimwache kaunta peke yake hata dakika moja, mimi mzee nimemwekea karatasi mfuko wa shati: HAONGEI, ANASIKIA NA KUELEWA. Hapana, hata hiyo karatasi inaniudhi, kwa nini niiandike mimi wakati faili wanalo wao?

Nyota ngapi sijui. Yule mama mpeni zote. Mapokezi sifuri, na kama wataendelea hivi siku akihamia kwingine mimi na mzee tunamfuata huko huko, hata iwe Singida.

Na wewe mwenye kituo, namba yangu ipo kwenye faili la mzee. Nipigie.